Magma ya Kale Ndani ya Mawe ya Gusii

Milima ya Gusii, yaani Kisii na Nyamira, haina volkano hai, lakini sehemu kubwa ya mawe yake ni lava na majivu yaliyoganda mamia ya mamilioni ya miaka kabla Bonde la Ufa halijafunguka. Chini kuna bazalti, katikati kwatzaiti ngumu inayoonekana kwenye ukingo wa Manga, na juu yake rioliti na andesaiti. Mwanajiolojia A. Huddleston aliueleza mpangilio huo katika ripoti ya jiolojia ya mwaka 1951.

Uchunguzi wa maabara huanza na msumeno. Kipande cha jiwe hukatwa, hugandishwa juu ya kioo, kisha husagwa hadi unene wa milimita 0.03, na hapo hata bazalti nyeusi hupitisha mwanga. Chini ya hadubini, baadhi ya bazalti za Kisii huonyesha fuwele kubwa za feldispa zilizozungukwa na chembe ndogo mno. Fuwele kubwa zilikua polepole magma ikiwa bado ardhini. Zile ndogo ziliganda upesi lava ilipofika juu.

Baadaye unga wa jiwe huyeyushwa pamoja na borati ya lithiamu kwenye joto la takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi, ukawa kidonge cha kioo cha kupimwa kwa eksirei. Bazalti huwa na silika asilimia 45 hadi 52, rioliti takriban 70 au zaidi. Silika ikizidi, magma hunata, gesi hukosa pa kutokea, na mlipuko huwa mkali.

Vipimo hivyo pia hutenganisha mawe laini, kama yale yanayochongwa katika eneo la Tabaka. Talki ina magnesiamu. Kaolini na maika laini zina alumini, ingawa mkononi zote huteleza vilevile.

Tatizo kubwa la uchunguzi huu Gusii ni mvua. Imeozesha miamba ikawa udongo mwekundu unaostawisha chai na migomba, na kuosha sodiamu na kalsiamu. Jiwe lililooza hutoa picha ya mvua, si ya magma. Kwa hiyo wataalamu hutafuta jiwe bichi kwenye machimbo na mito, na kutegemea zaidi titani na zirkoni, ambazo hazihami kwa urahisi. Sampuli isiyojulikana ilikotolewa haifai, hata mashine ikiwa bora namna gani.