Kompyuta Nazo Zataka Nidhamu

Fikiri kwamba mwisho wa mwezi umewadia nawe umekwenda benki kuchukua mshahara. Ada ya mtoto yangojewa shuleni, na unga nyumbani umekwisha. Karani akujibu, "Leo mtambo haufanyi kazi." Je, kosa ni la mtambo peke yake?

Tutazame yaliyotokea Uingereza. Mwezi Juni 2012, kundi la mabenki la RBS, lenye NatWest na Ulster Bank ndani yake, lilibadili programu iliyopanga kazi za kompyuta zake. Mabadiliko hayo yakaleta hitilafu. Mafundi wakaamua kuiondoa programu mpya pasipo kujaribu kwanza kuondolewa kwake kutaleta nini, na mambo yakazidi kuharibika. Wateja zaidi ya milioni 6.5 walipata taabu. Waliokuwa safarini ng'ambo walikwama bila ya fedha, na waajiri wengine wakashindwa kulipa mishahara. Mwaka 2014 kundi hilo lilitozwa faini ya pauni milioni 56.

Ajabu ni kwamba dawa ya maradhi hayo ilikwisha tungwa katika nchi hiyo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, idara ya serikali iliyoitwa CCTA ilianza kukusanya vitabuni maarifa ya uendeshaji bora wa kompyuta za ofisini. Mkusanyo huo waitwa ITIL, na toleo lake la nne lilitoka mwaka 2019. Si sheria, kila ofisi huchagua linaloifaa. Mafunzo yake matatu yatosha kutufungua macho.

La kwanza, pawe na mahali pamoja pa kupokea malalamiko. Kila lalamiko liandikwe, lipewe namba, na lisifungwe mpaka aliyelileta amehudumiwa. Askari wa zamu kituoni ajua faida ya kitabu cha matukio: anayempokea zamu haanzi kuuliza upya.

La pili, tukio na chanzo chake ni mambo mawili. Paa likivuja usiku, mama hutega ndoo ili watoto walale pakavu. Hiyo ni huduma ya haraka, nayo ni lazima. Lakini ndoo haizibi tundu. Kulipokucha sharti mtu apande juu atafute bati lililotoboka. Ofisi nyingi huwasha upya mtambo kila juma na kujisifu kwamba zimetengeneza, kumbe zatega ndoo tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu, pasibadilishwe kitu pasipo idhini, majaribio na njia ya kurudi nyuma. Na hiyo njia ya kurudi nayo ijaribiwe mapema. Kamanda mwema hapeleki kikosi mbele kabla ya kujua kitarudi kwa njia ipi. Hapo ndipo mabenki yale yalipoteleza: njia ya kurudi ilikuwapo, ila haikuwa imepimwa.

Basi wewe uliye karani, fundi au mkuu wa ofisi, mtambo ukisimama usiulize tu utawaka saa ngapi. Uliza vilevile: imeandikwa wapi, chanzo ni nini, na nani aliruhusu mabadiliko ya mwisho? Nyuma ya kila mtambo uliosimama yupo mtu mlangoni, naye ana watoto wanaongoja unga.