Mtaro Hauzibuliwi kwa Programu ya Simu

Kila inapotangazwa hakathoni ya takwimu huria hapa Unguja, yaani siku chache za vijana kukaa pamoja kutatua tatizo kwa takwimu zilizo wazi, swali ni lile lile: "Programu yake ya simu itatoka lini?" Waandishi wa habari wanaliuliza, wafadhili wanaliuliza, na siku hizi hata vijana wanaokuja kushiriki wanaliuliza kabla hawajakaa kitako. Tuliache. Linaharibu kazi.

Zanzibar si masikini wa takwimu. Kuanzia mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kusaidiwa na Benki ya Dunia, ilirusha droni juu ya Unguja na Pemba. Zilirudi na picha ambazo kila nukta yake ni takriban sentimita 7 za ardhi, zikawekwa wazi kwa umma. Mwaka 2018 yakafanyika mashindano ya kuifundisha kompyuta kuzitambua nyumba zetu kutoka angani: iliyokamilika, inayojengwa, na iliyo msingi mtupu. Kompyuta ilifundishika kwa sababu kuna watu waliokaa wakachora mapaa kwa mkono, moja baada ya jingine. Sehemu hiyo ya habari imesahauliwa. Iliyobaki vichwani ni imani kwamba picha zipo, vijana wapo, basi kilichopungua ni wikendi moja na programu.

Ingia nayo imani hiyo Mji Mkongwe. Kutoka juu, bati moja linaweza kufunika nyumba mbili zinazoegemeana, na kompyuta ikahesabu moja. Mtaro uliofunikwa kwa zege hauonekani kabisa. Wala picha haisemi kwamba chini ni duka na juu wanaishi watu wa familia kadhaa. Ukishuka mwenyewe na simu mkononi, kuta ndefu za mawe zinazuia na kurudisha mawimbi ya setilaiti, na simu inakuweka kichochoro cha pili. Mtu akiripoti bomba lililopasuka, fundi atabisha hodi mlango wa jirani. Ikitokea hivyo mara mbili, nani ataripoti tena?

Mafuriko ndiyo yanayonichosha zaidi. Programu ya kuripoti maji yaliyojaa mtaa wa Mwanakwerekwe inamwambia nani jambo gani? Wakazi wanajua maji yanakofika. Sheha, kiongozi wa serikali mtaani, anajua. Dereva wa daladala anajua. Kinachotakiwa na mhandisi ni kina na upana wa mtaro, unakoanzia, unakoishia, pahala ulipojengewa juu yake, na ofisi ipi yenye dhamana ya kuuzibua. Ripoti elfu moja za "maji yamejaa" hazimpi hata kimoja kati ya hivyo. Tunachukua nguvu za vijana wetu kuipasha serikali habari ilizokwisha kuzipata, kisha malipo ya seva yanakatika na programu inakufa. Inaudhi, kwa sababu vijana hao hao wangeweza kupima mtaro mzima kwa muda ule ule.

Dar es Salaam walianza upande ulio sahihi. Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015, iliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu darasani wakaingia mitaani na wakazi wa kata zinazofurika, Tandale ikiwamo. Walichora njia na mitaro, wakawauliza wenyeji maji yalifika wapi, na kazi yao ikaingizwa OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, ambako yeyote anaweza kuisoma na kuisahihisha. Ramani ya namna hiyo haimhitaji mwanzilishi wake ili iendelee kutumika.

Na ramani inachakaa. Picha zile za droni zinaonyesha mtaa wa Kwahani wa nyumba za chini. Tangu hapo sehemu yake imevunjwa na kupandishwa maghorofa. Anayejenga hesabu zake juu ya picha ile bila ya kwenda kutazama anaupangia mji ambao haupo.

Ukitaka kuandaa hakathoni, basi: chagua shehia moja na tatizo moja. Mwite sheha na afisa wa manispaa siku ya kwanza, si siku ya zawadi. Siku nyingi ziwe za kutembea, chache za kompyuta. Tumia vilivyopo na vya bure: OpenStreetMap, QGIS ya kuchora ramani, KoboToolbox ya kukusanyia takwimu. Vichochoroni usiiamini alama ya simu. Chapisha picha ya droni karatasini na utie alama kwa kalamu. Kila kipimo kiandikwe tarehe. Majina ya watu na maradhi yao yasiingie kwenye takwimu za wazi. Fedha ya zawadi igeuze nauli ya kurudi kukagua baada ya miezi sita.

Masika huanza Machi. Mitaro hupimwa ikiwa mikavu, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi hii aombe kibali cha shehia mapema.