Fankisheni Zinazopatana: Mfano wa Soko la Mifugo la Garissa

Katika soko la mifugo la Garissa, pato la siku hupatikana kwa kuzidisha bei kwa kila ongezeko la ng'ombe waliouzwa, kisha kujumlisha. Hiyo ndiyo intigrali aliyoieleza Stieltjes mwaka 1894. Idadi huruka kila ng'ombe auzwapo; bei ikibadilika kwa mfululizo bila kukatika, hapana taabu. Lakini bei nayo ikiruka nukta ile ile, itumike ya kabla au ya baadaye? Jumla hukosa thamani moja, na apunjwaye, bila shaka, ni mfugaji. Fankisheni hizo mbili hazipatani. Katika nadharia pana ya Kurzweil, ya mwaka 1957, kipande cha wakati chenye mruko hulazimishwa kupimwa kwa bei ya nukta yenyewe. Hapo hata fankisheni zinazoruka pamoja hupatana.