Kuhama kutoka kahawa hadi chai: Jua unachotia kikombeni

Pengine wewe ni mmoja wa wale walioambiwa na daktari, ama na jirani, kwamba kahawa ndiyo inayowanyima usingizi, kuwapiga moyo mbio na kuwachoma tumboni, na kwa hivyo wakaamua kuiacha na kunywa chai. Uamuzi huo huenda ukawa wa busara. Lakini wengi huutekeleza vibaya. Huacha kahawa ghafla Jumatatu asubuhi, Jumanne kichwa kinawagonga kama nyundo, na kufikia Jumatano wamerudia kikombe chao wakiamini kwamba mwili "umekataa" chai. Wengine hufaulu kuiacha, kisha wakawa wanakunywa vikombe saba vya chai iliyokolea, vyenye sukari tele, na baada ya miezi mitatu wanashangaa kwa nini usingizi haujarudi na nguo zinawabana.

Katika kahawa na katika chai mna kitu kimoja kiitwacho kafeini. Tangu uamkapo, ubongo wako hutoa kemikali iitwayo adenosini, ambayo hujilimbikiza kadiri saa zinavyopita na kukufanya uhisi uchovu. Kafeini hukaa pale ambapo adenosini ingekaa, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake, na ubongo haupati habari kwamba umechoka. Uchovu wenyewe haujaondoka, umefichwa tu.

Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja huwa na miligramu 95 hivi za kafeini, ingawa kiwango hubadilika sana kulingana na buni na jinsi ilivyopikwa. Kahawa ya unga inayoyeyushwa kwa maji moto huwa na 60 hivi. Chai nyeusi huwa na kati ya 40 na 50, na chai ya kijani 30 hivi. Mtu mzima huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa. Ukinywa kahawa saa kumi alasiri, saa tatu usiku nusu yake ingali damuni, na saa nane za usiku robo bado imo. Kwa mja mzito kazi hiyo huenda polepole zaidi, na karibu na kujifungua inaweza kuchukua hata mara tatu ya muda huo. Anayemeza vidonge vya kupanga uzazi naye hukaa nayo karibu mara mbili ya kawaida. Mvutaji sigara huiondoa haraka, na ndiyo sababu mtu anayeacha sigara huku akiendelea na kahawa ile ile huanza kutetemeka mikono asijue kwa nini.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka wa 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazimdhuru mtu mzima mwenye afya njema, na 200 kwa mja mzito. Sasa wewe hesabu vikombe vyako.

Je, ni lazima uache kahawa? Si kila mtu. Tafiti kubwa zimeonyesha kwamba wanywaji wa kahawa hawapatwi na kisukari cha aina ya pili wala maradhi ya ini zaidi ya wengine. Kwa kweli hupatwa kidogo zaidi. Kama unalala vyema, tumbo halikusumbui na shinikizo lako la damu ni sawa, sioni sababu ya kukunyang'anya kikombe chako cha asubuhi. Wapenzi wa kahawa tungu ya Mombasa, ile imiminwayo kutoka kwenye dele, wajue jambo moja tu: kahawa iliyochemshwa bila kupitishwa kwenye chujio la karatasi hubaki na mafuta yanayoongeza kolesteroli. Vikombe vile ni vidogo, lakini anayevinywa kutwa nzima na ana kolesteroli nyingi anafaa kuvipunguza.

Kuhusu vidonda vya tumbo, watu wengi wamepotoshwa. Kahawa haisababishi vidonda. Mwaka wa 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walitambua bakteria waishio tumboni ambao leo huitwa Helicobacter pylori, na mwaka wa 2005 wakatuzwa nishani ya Nobel kwa kazi hiyo. Vidonda vingi huletwa na bakteria hao, ama na vidonge vya maumivu ya mifupa na viungo kama vile aspirini na dikilofenaki. Kahawa inaweza kuchokoza kidonda kilichopo, lakini kuiacha hakutakiponya. Nimewaona watu waliokaa miaka mingi wakinywa chai na maziwa "kutuliza vidonda" ilhali kipimo kimoja na dawa za wiki mbili zingemaliza shida hiyo. Nenda upimwe.

Kiungulia ni jambo jingine. Hapa kahawa huweza kulegeza mlango ulio juu ya tumbo na kuiachilia asidi ipande kifuani, na hata kahawa iliyoondolewa kafeini huwafanyia baadhi ya watu vivyo hivyo. Chai ikikolea nayo yaweza kukuchoma.

Ikiwa umeamua kuhama, hama polepole. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa ghafla huanza kulalamika baada ya saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, kusinzia, hasira za bure, wakati mwingine hata kichefuchefu. Siku ya pili ndiyo mbaya zaidi, na mambo hutulia baada ya siku mbili hadi tisa. Si ugonjwa, na wala si uchawi wa chai. Ila jihadhari na vidonge vya dukani vya kutuliza kichwa, kwa kuwa baadhi yake vina kafeini ndani. Ukivimeza unapona kwa sababu umerudishiwa kile kile ulichokuwa unakiacha. Soma maandishi kwenye pakiti.

Kwa mtu anayekunywa vikombe vinne vya kahawa kwa siku, mimi hushauri aanze na kile cha jioni. Akibadilishe kwa kinywaji kisicho na kafeini kabisa, akae siku tatu au nne hivyo. Kisha kile cha alasiri kiwe chai ya rangi, siku nyingine tatu au nne. Halafu cha saa nne asubuhi. Kile cha kwanza cha alfajiri kiwe cha mwisho kuondoka, na kama kitabaki kimoja hicho, haidhuru. Kwa muda wa majuma mawili umevuka bila kichwa kupasuka.

Sasa tuje kwenye chai yenyewe, kwani hapa ndipo Wakenya hujidanganya. Majani yetu mengi husagwa na kusokotwa kwa mashine yakawa punje ndogo, na punje hizo hutoa rangi na kafeini upesi sana. Chai ya majani mawili matatu yaliyotumbukizwa dakika tatu si sawa na chai ya maziwa iliyochemka kwenye sufuria robo saa hadi ikawa ya rangi ya matofali, kisha ikawekwa kwenye thamosi. Vikombe vikubwa viwili vya chai ya namna hiyo vyaweza kulingana na kimoja cha kahawa. Ikiwa uliacha kahawa kwa sababu ya usingizi au moyo kupiga mbio, tumia majani machache, yatie maji yakisha kuchemka, na uyachuje mapema.

Pia tazama sukari. Aliyekuwa akinywa kahawa bila kitu akahamia chai ya maziwa yenye vijiko vitatu, vikombe vinne kwa siku, amejiongezea vijiko 12 vya sukari, yaani gramu 48 hivi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu zote za chakula, na ni bora ikiwa nusu ya hiyo, ambayo ni takriban vijiko sita. Mgonjwa wa kisukari asiseme "mimi siku hizi ni chai tu" kana kwamba chai ni dawa.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi, hasa ikiwa wewe ni mwanamke au una watoto wadogo, ni la damu. Chai ina tanini, zile zinazokausha ulimi, na tanini hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, sukuma wiki, terere na githeri, yasiweze kufyonzwa na matumbo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 1983 ulipima watu waliokula mlo mmoja kwa vinywaji tofauti. Kahawa ilipunguza chuma kilichofyonzwa kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kwa hivyo mja mzito anayeacha kahawa kwa ajili ya mtoto, jambo zuri, kisha akawa anateremshia kila mlo kwa chai, huenda akafika kliniki damu ikiwa imepungua kuliko mwanzo. Mbaya zaidi, wengine humeza vile vidonge vya kuongeza damu walivyopewa kliniki kwa chai hiyo hiyo. Vimeze kwa maji. Chai inywe saa moja au mbili mbali na chakula na mbali na vidonge, na pamoja na mlo ule chungwa, pera au nyanya mbichi, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Mtoto mdogo mpe uji na maziwa. Chai na mkate kila asubuhi humshibisha bila kumjenga.

Kisha kuna moto. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni. Halikuilaumu kahawa wala chai. Lililaumu joto lenyewe. Kwetu hili si jambo la mbali. Saratani hiyo huua Wakenya wengi, na sehemu za Bonde la Ufa kama vile Bomet zimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwa na wagonjwa wengi, wengine wakiwa bado vijana. Utafiti wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka wa 2019 ulihusisha unywaji wa vinywaji moto sana na hatari ya kuipata. Pombe na tumbaku zimo pia, lakini moto ni rahisi kuuepuka. Hapa Nairobi maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na chai ya thamosi hukaa moto kwa muda mrefu. Iache kikombeni dakika tano au zaidi. Ikiwa huwezi kumeza funda zima bila kulivuta pamoja na hewa, bado ni moto mno. Najua kuna wazee wanaoamini chai isiyounguza si chai. Waambie kwa heshima.

Utachagua nini basi? Kwa asubuhi, chai ya rangi, ambayo wengine huiita turungi, yatosha. Chai ya kijani ni jani la mmea ule ule ambalo halikuachwa ligeuke rangi, na hata ile ya zambarau iliyotolewa kwa wakulima wetu mwaka wa 2011 ni jamaa yake. Zote zina kafeini, na hakuna inayoyeyusha kitambi. Kwa jioni tafuta kisicho na kafeini: mchaichai, tangawizi, ama rooibos ya Afrika Kusini. Choya, lile ua jekundu ambalo Wasudani huliita karkade, halina kafeini na hushusha shinikizo la damu kidogo, kwa hivyo anayemeza dawa za presha amweleze daktari wake, na mja mzito asilinywe.

Zile "chai za kupunguza unene" usiziguse. Nyingi zina sanamaki, dawa ya kuharisha. Uzito unaopungua ni maji, na madini ya potasiamu hupotea pamoja nayo, hatari kubwa kwa moyo.

Anayetumia dawa ya tezi ya shingoni aimeze kwa maji matupu na angoje angalau nusu saa, ikiwezekana saa nzima, kabla ya chai au kahawa. Anayepewa siprofloksasini apunguze vyote viwili mpaka amalize dozi, kwa sababu dawa hiyo huzuia mwili kuondoa kafeini. Na ukienda kupimwa presha, usinywe chochote kati ya hivyo kwa nusu saa kabla.

Mwisho, kuna dalili ambazo hazitibiwi kwa kubadilisha kinywaji. Chakula kikianza kukwama njiani unapomeza, kwanza nyama, kisha ugali, hatimaye hata uji; ukitapika damu; choo kikiwa cheusi kama lami; au ukikonda bila kujua sababu, usingoje kuona kama chai itasaidia. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Ikiwa ni damu ama choo cheusi, nenda siku hiyo hiyo.