Snapshoti ya saa kumi na moja jioni

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa GitLab alikuwa karibu kufunga kazi akalale. Kampuni hiyo huwatunzia waandishi wa programu wa dunia nzima misimbo yao, na usiku huo hifadhidata yake kuu ilikuwa imeelemewa. Seva ya pili, ambayo kazi yake ni kuifuata ya kwanza hatua kwa hatua, ilikuwa imeachwa nyuma na kugoma kuendelea. Mhandisi akaamua kufuta data za hiyo ya pili ili aianzishe upya. Akaandika amri, akabonyeza. Sekunde moja au mbili baadaye akagundua kwamba dirisha aliloandika amri hiyo lilikuwa la seva ya kwanza. Akaikatisha mbio mbio. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilikuwa zimebaki 4.5.

Hapo ndipo lilipoanza zoezi la kutafuta bakapu.

Kulikuwa na bakapu ya kila siku iliyopaswa kwenda kwenye ghala la data la Amazon. Walipolifungua ghala, lilikuwa tupu. Programu ya kutoa nakala ilikuwa toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo kila siku ilikuwa inashindwa kazi na kutuma barua pepe ya kulalamika. Na barua pepe zenyewe zilikuwa zinarudishwa mlangoni kwa sababu hazikuwa na sahihi inayotakiwa. Snapshoti za diski upande wa Azure, wingu la Microsoft, zilikuwa zimewashwa kwa seva za mafaili, hazikuwashwa kwa seva za hifadhidata. Na ile seva ya pili ndiyo hiyo, ilikuwa imeshafutwa tayari kwa kuanza upya. Njia zote hizo za kujikinga, na hakuna hata moja iliyofaa pale ilipohitajika.

Kilichowaokoa kilikuwa kitu cha kubahatisha. Saa sita hivi kabla ya mkasa, saa 11:20 jioni kwa saa za kimataifa, mmoja wa wahandisi alipiga snapshoti ya hifadhidata kwa mkono na kuipakia kwenye seva ya majaribio, kwa sababu tu alitaka kujaribia jambo jingine kwenye data mpya. Data hizo za majaribio ndizo zilizorudishwa kazini. Diski za seva hiyo zilikuwa za polepole, hivyo kunakili kulichukua karibu saa 18, na kampuni ikawaonyesha watu kazi hiyo moja kwa moja kwenye YouTube, uungwana ambao si kampuni nyingi zingekuwa nao. Vilivyoingizwa baada ya saa 11:20 havikurudi: kwa makadirio ya kampuni yenyewe, miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti mpya kama 700.

Ukiusoma mkasa huo haraka, utasema snapshoti iliwaokoa. Ukiusoma taratibu utaona kwamba kilichowaokoa ni kule kuhamishwa kwake. Kama ingebaki kwenye diski ilikopigwa, ingekuwa inaiegemea diski ileile iliyoguswa na amri ya kufuta. Jambo hilo ndilo linalowachanganya watu wengi wanaofanya kazi na mashine pepe, kuanzia mwanafunzi mwenye VirtualBox kwenye laptopu yake hadi msimamizi wa mifumo mwenye mamia ya seva.

Mashine pepe ni kompyuta nzima iliyogeuzwa kuwa mafaili. Diski yake ni faili, mipangilio yake ni faili, na hata kumbukumbu yake inaweza kuandikwa kwenye faili ikiwa katikati ya kazi. Programu inayoziendesha, hipavaiza, ni kama mwenye nyumba wa vyumba vya kupanga: anawagawia wapangaji umeme na maji, na kila mpangaji anajiona yuko kwake. Fikra hii si ya juzi. IBM ilikuwa nayo kwenye maabara yake ya Cambridge, Massachusetts, katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatangaza VM/370 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa. Kwenye kompyuta za kawaida ilifika mwaka 1999, VMware ilipotoa programu yake ya kwanza ya kuendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine.

Kwa kuwa kompyuta sasa ni faili, mtu angedhani kupiga snapshoti ni kunakili faili hilo. Lakini diski ya gigabaiti 500 hainakiliwi kwa sekunde mbili, na snapshoti huisha kwa sekunde mbili. Inawezekanaje?

Chukua duka la mtaani lenye daftari la madeni. Mwenye duka anasafiri wiki moja na kumwachia mpwa wake. Hataki daftari lichafuliwe, basi analifunika kwa karatasi ya nailoni inayoonyesha na kumwambia kijana: usiguse daftari, andika juu ya nailoni. Mama Asha alikuwa anadaiwa 12,000. Akilipa 5,000, kijana anaandika 7,000 juu ya nailoni, palepale juu ya ile 12,000. Anayetaka kujua deni la leo anatazama nailoni kwanza. Mahali ambapo nailoni haina kitu, anasoma daftari lililo chini. Mjomba akirudi na kuona kijana ameboronga, anaivuta nailoni na kuitupa, na daftari liko kama alivyoliacha. Akiona kazi ni nzuri, anakaa chini na kuhamishia kwenye daftari kila kilichoandikwa juu.

Ndivyo VMware inavyofanya. Snapshoti inapopigwa, faili la diski linafungwa lisiandikwe tena, na faili jipya dogo linafunguliwa juu yake kupokea mabadiliko. Ndiyo maana ni kazi ya sekunde. Ndiyo maana pia kufuta snapshoti ni kazi ndefu: neno linasema kufuta, lakini kinachotendeka ni kuhamisha maandishi ya nailoni kwenda daftarini, na kwenye seva yenye shughuli nyingi inaweza kuchukua saa kadhaa.

Sasa daftari liungue moto. Mjomba anabaki na nailoni yenye tarakimu zinazoelea: 7,000 hapa, 3,500 pale, bila majina. Faili la mabadiliko bila diski mama halina thamani yoyote. Na nailoni zinaweza kupangwa moja juu ya nyingine. VMware inaruhusu hadi 32, lakini yenyewe inashauri zisizidi mbili au tatu, na pasiwe na snapshoti inayokaa zaidi ya saa 72. Sababu ni ya hesabu tu. Kila unapotafuta kitu, lazima upekue matabaka yote kuanzia juu, na faili la mabadiliko linaweza kuvimba hadi kufikia ukubwa wa diski mama. Snapshoti iliyopigwa Ijumaa kabla ya kusasisha programu, ikasahaulika, inaweza kuijaza hifadhi nzima mwezi unaofuata, na mashine zote zinazoitegemea hifadhi hiyo zikasimama.

LVM, programu ya Linux ya kusimamia diski iliyotumika kule GitLab, kwa mtindo wake wa kawaida inafanya kinyume. Yenyewe inaandika kwenye daftari kama kawaida, ila kabla ya kufuta mstari wa zamani inaunakili pembeni. Pembeni hapo pakijaa, snapshoti inabatilika.

Kuna swali jingine ambalo wapiga picha wanalijua vizuri: aliyepigwa alikuwa anafanya nini? Ukimpiga muuza duka picha akiwa ameshika noti ya 10,000 hewani, picha haisemi kama ni ya kupokea au ya chenji. Hifadhidata nayo huwa na mambo nusunusu, mengine yameshafika diskini, mengine bado yako kwenye kumbukumbu. Snapshoti ya ghafla inaihifadhi mashine kana kwamba umeme umekatika wakati huohuo. Hifadhidata nzuri zimeundwa kuvumilia hilo kwa sababu huandika shajara ya kila muamala kabla ya kuutekeleza, lakini busara ni kuziambia zitulie kwanza. Windows ina huduma maalumu inayoziomba programu zimalize zilichoshika, zitulie kidogo, picha ipigwe, ziendelee. Programu za bakapu ya mashine pepe zimejengwa juu ya mwendo huo: piga snapshoti, nakili diski iliyofungwa kwenda hifadhi nyingine, kisha futa snapshoti. Toka mwaka 2009 VMware inaweka pia alama kwenye vipande vya diski vilivyobadilika tangu bakapu iliyopita, ili usiku wa leo vinakiliwe hivyo tu. Snapshoti hapa ni ngazi ya kupandia. Ukishafika juu unaiondoa.

Klonu nayo ina vituko vyake. Unapoiklonu mashine, unapata pacha aliyekamilika, na taabu ni huo ukamilifu. Pacha anaamka na jina lilelile, na funguo zilezile za siri za kuingilia kwa mbali. Wasimamizi wazoefu huitengeneza mashine ya kiolezo kwa kuivua vitambulisho vyote kwanza, kila klonu ijitengenezee vyake inapoamka. Wasio wazoefu hukuta seva mbili zinagombea anwani moja ya mtandao na kupoteza alasiri nzima.

Mwaka 2010 watafiti Thomas Ristenpart na Scott Yilek walionyesha jambo la kutisha zaidi. Usimbaji fiche unategemea namba za nasibu, zisizotabirika. Lakini mashine ikirudishwa kwenye snapshoti ileile mara mbili, inaamka mara mbili na kumbukumbu ileile, ikiwa ni pamoja na lile dimbwi la unasibu ambamo namba huchotwa. Wakaona vivinjari vikitoa siri ileile kwa mawasiliano mawili tofauti, na katika hali fulani mshambulizi angeweza kuufikia ufunguo wa siri wa seva. Kompyuta ya chuma haijawahi kurudi nyuma katika wakati, kwa hiyo hakuna aliyeandika programu akiwazia hilo. Dawa ilianza na Windows Server 2012: hipavaiza inaipa mashine namba ya kizazi, na namba hiyo ikibadilika, mashine inajua kwamba imerudishwa nyuma au imeklonuliwa. Linux iliipata mwaka 2022.

Namba ya kizazi ilibuniwa hasa kwa ajili ya seva za aina moja, zile zinazotunza majina na haki za watumiaji wote wa kampuni, maarufu kama domeni kontrola. Seva hizi huambizana mabadiliko zenyewe kwa zenyewe. Ukiirudisha mojawapo kwa snapshoti ya wiki iliyopita, inaanza kugawa namba ambazo wenzake wameshazisikia, wao wanazipuuza, na kimya kimya inatengana na kundi.

Halafu kuna moto, adui asiyejali namna ulivyonakili. Machi 10, 2021, jengo la data la OVH mjini Strasbourg liliteketea. Waliotengeneza mchezo wa Rust walipoteza data za seva zao 25 za Ulaya. Baadhi ya wateja walikuwa wamelipia bakapu, wakaja kugundua kwamba bakapu hizo zilikuwa zimewekwa kwenye jengo lilelile. Septemba 26, 2025 zamu ikawa ya Daejeon, Korea Kusini, ambako moto ulioanzia kwenye betri za lithiamu uliteketeza hifadhi ya nyaraka za watumishi wa serikali: terabaiti 858, bila nakala nje, kwa maelezo kwamba mfumo ulikuwa mkubwa mno kunakiliwa. Maelezo hayo yanashangaza. Kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo hasara inavyokuwa kubwa, na ukubwa ungekuwa sababu ya kuanza mapema.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye anayehusishwa na kanuni ya tatu-mbili-moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Wadukuzi wamewafanya watu waongeze sharti jingine, kwamba nakala moja iwe imetenganishwa na mtandao. Katika shambulio la ESXiArgs la Februari 2023, wahalifu hawakuhangaika kuingia kwenye mashine pepe moja moja. Walishika hipavaiza na kuyafunga mafaili yake. Mwenye nyumba akishatekwa, wapangaji wote wamo.

Kampuni ya meli ya Maersk ilijifunza mapema umuhimu wa nakala iliyotenganishwa na mtandao. Juni 27, 2017 programu hasidi ya NotPetya iliingia kwenye mtandao wake kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine na kuenea kwa dakika chache. Bandarini malori yakapanga foleni, mageti hayafunguki. Mwenyekiti wake alisema baadaye kwamba ilibidi waweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Bakapu za seva nyingi zilipatikana. Zilizokosekana ni za domeni kontrola, zile zinazoambizana zenyewe. Zilikuwa kama 150 duniani kote, na kila moja ilihesabiwa kuwa nakala ya wenzake. Hakuna aliyekuwa amewazia kwamba zote zingefutwa siku moja, na bila hata moja yao kampuni isingejua nani ni nani.

Wahandisi wakapiga simu ofisi baada ya ofisi hadi wakaipata moja, Ghana. Kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika, seva ikazimika, na NotPetya ilipopita ikaikuta imelala. Intaneti ya ofisi hiyo ilikuwa nyembamba mno. Kuituma data yote kwa wahandisi waliokuwa Uingereza kungechukua siku nyingi. Wakaamua mtu aibebe. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, kwa hiyo mmoja wao alisafiri hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanja wa ndege, na huyo akaipeleka London kwa ndege, safari ya saa sita na nusu.