Kuganda kwa Damu na Swali la Mjomba

Utangulizi

Mkazi wa Mji wa Kale wa Mombasa hulitumia neno "kuganda" kwa mambo kadha wa kadha. Mafuta ya nazi huganda asubuhi za kipupwe. Maziwa yakiwekwa huganda yakawa mtindi. Na damu huganda juu ya jeraha. Neno ni moja, ila matendo ni tofauti kabisa. Mafuta huganda kwa baridi, na yakipata joto huyeyuka. Maziwa huganda kwa uchachu. Damu haigandi kwa baridi wala kwa uchachu, wala si kwa kupigwa na hewa kama wengi wanavyodhani. Damu hugandishwa: mwili ndio unaoigandisha, mahali maalumu na kwa wakati maalumu. Kwa mintarafu hii, kauli ya kutendesha ndiyo inayoukaribia ukweli zaidi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwili unavyofanya kazi hiyo, na kuonyesha kwa nini elimu hii ina uzito wa pekee kwa jamii inayowatahiri watoto wake wa kiume wangali wadogo.

Kalafati ya kwanza

Mtu mzima ana damu ya kadiri ya lita 5. Ndani ya plazima, yaani yale maji ya damu yenye umanjano, huelea chembe nyekundu, chembe nyeupe na vipande vidogo mno viitwavyo chembe sahani. Katika kila milimita moja ya ujazo huwamo chembe sahani baina ya 150,000 na 400,000. Kila moja huishi siku 7 hadi 10 tu, kisha nyingine huchukua nafasi yake.

Maadamu mshipa ni mzima, utando laini uliomo ndani yake huziacha chembe hizi zipite bila ya kushikana. Mshipa ukikatika, kwanza hujikaza ili kupunguza mtiririko. Kisha nyuzi ngumu zilizokuwa zimefichika chini ya utando huwa wazi, na chembe sahani huzing'ang'ania. Zikishashika, hubadili umbo na kutoa kemikali zinazoziita nyingine. Kwa muda wa dakika chache tundu huwa limezibwa. Fundi wa majahazi hufanya kazi inayolingana na hiyo anapotia kalafati: hushindilia pamba iliyolowa mafuta katika nyufa za mbao ili maji yasipenye.

Mnyororo wa protini

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kizibo hicho ni dhaifu. Msukumo wa damu unaweza kuking'oa. Hapo ndipo zinapohitajika protini za kugandisha, ambazo nyingi hutengenezwa na ini. Wataalamu wamezipa nambari za Kirumi, kuanzia I hadi XIII, na kwa kuwa nambari VI iliachwa baadaye, zimebaki 12. Mwaka 1964 watafiti wa Uingereza na wa Marekani, kila upande kivyake, walieleza kwamba protini hizi huamshana kwa zamu: ya kwanza huiamsha ya pili, ya pili huiamsha ya tatu, na kila hatua huzidisha nguvu ya ile iliyotangulia.

Mwisho wa mnyororo hupatikana kimeng'enya kiitwacho thrombini. Hiki huikata protini ya fibrinojeni, ambayo huelea katika plazima ikiwa imeyeyuka, na kuigeuza kuwa nyuzi za fibrini. Nyuzi hizo husukana juu ya kizibo mithili ya kimia cha mvuvi, zikazinasa chembe nyekundu, na protini ya XIII huyakaza mafundo yake. Juu ya ngozi bonge hilo hukauka likawa kigaga. Jeraha likishapona, kimeng'enya kingine huzikatakata nyuzi na bonge huyeyuka.

Hatua kadhaa za mnyororo huu haziwezekani bila ya madini ya kalsiamu. Ndiyo maana mifuko ya kutolea damu, ikiwemo ile itumiwayo katika kituo cha damu cha kanda kilichoko Mombasa, huwa na chumvi ya sitreti: chumvi hiyo huifunga kalsiamu, na damu ikabaki maji. Vilevile ini huhitaji vitamini K, ipatikanayo katika mboga za majani kama mchicha na kisamvu, ili kukamilisha protini za II, VII, IX na X. Mtoto mchanga huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini hiyo, na kwa sababu hii hudungwa sindano yake mara baada ya kuzaliwa.

Pete moja inapokosekana

Mnyororo ukikosa pete moja hauvuti. Katika himofilia A, protini ya VIII ni pungufu au haimo kabisa. Katika himofilia B, ni protini ya IX. Aina ya A humpata takriban mtoto 1 wa kiume katika kila 5,000 wanaozaliwa, na aina ya B takriban 1 katika 30,000.

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa wa himofilia hutokwa na damu kwa kasi kuliko wengine. Sivyo. Yeye hutokwa na damu kwa muda mrefu zaidi. Chembe sahani zake ni nzima, kwa hiyo kizibo cha kwanza huweza kufanyika na jeraha likaonekana limekauka. Kinachokosekana ni kimia cha fibrini. Baada ya saa kadhaa kizibo hulegea na damu huanza upya. Mtoto aliyetahiriwa adhuhuri huweza kulazwa akiwa hana neno, na usiku nguo zake zikakutwa zimelowa. Ni rahisi hapo kumlaumu ngariba au daktari kwa mkono mzito, au kutaja kijicho, ilhali kasoro ilikuwamo katika damu tangu tumboni mwa mama.

Swali la mjomba

Maarifa ya maradhi haya si mageni katika ulimwengu wa Kiislamu. Tabibu Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1013, alieleza katika kitabu chake At-Tasrif habari za kijiji ambacho wanaume wake walikuwa wakivuja damu hadi kufa kwa majeraha madogo.

Sababu ya kuwapata wanaume zaidi ni kwamba jeni za protini za VIII na IX zimo katika kromosomu ya X. Mwanamke ana mbili. Moja ikiwa na kasoro, ya pili kwa kawaida humsitiri. Mwanamume anayo moja tu, naye huirithi kwa mamake. Mama mwenye kasoro hiyo anaweza kuwa mzima wa afya, lakini kila mtoto wake wa kiume ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuugua, na kila binti ana uwezekano kama huo wa kuibeba. Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye Mombasa iliingia katika himaya ya dola yake mwaka 1895, aliibeba. Mwanawe Leopold alifariki kwayo mwaka 1884, na mabinti zake wakaifikisha katika majumba mengine ya kifalme ya Ulaya.

Kwa hiyo, jamaa wa kuulizwa habari zake kabla ya tohara ni mjomba. Mwingereza humwita ndugu wa baba na ndugu wa mama kwa jina moja. Mswahili wa Mombasa hawachanganyi: huyu ni ami, yule ni mjomba. Swali "Je, mjomba wa mtoto huyu alipata kuvuja damu kupita kiasi?" linafika palepale ilipo njia ya urithi, bila ya kuhitaji istilahi hata moja ya kigeni. Ami, kwa kawaida, hana la kutueleza katika jambo hili.

Jibu la "hapana" halitoshi peke yake, kwani takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia ya maradhi haya katika ukoo wao. Yafaa pia kuuliza iwapo mtoto huvilia damu bila ya kuanguka, au kama mahali alipodungwa sindano paliwahi kuvimba na kuendelea kutoka damu. Likipatikana jibu la kutia shaka, tohara iahirishwe hadi damu ipimwe hospitalini. Himofilia ikithibitika, mtoto anaweza kutahiriwa chini ya uangalizi, baada ya kupewa protini anayoikosa. Na ikiwa damu imekwisha anza kutoka, ibanwe kwa kitambaa safi bila ya kuachia, mtoto asipewe aspirini, kwa kuwa huzidhoofisha chembe sahani, na apelekwe hospitali bila ya kukawia.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuganda kwa damu ni kazi ya hatua mbili, kizibo na kimia, na kwamba kasoro ya hatua ya pili hujificha nyuma ya mafanikio ya ile ya kwanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni rai yetu kwamba wanafunzi wa Kiswahili wa Pwani washirikiane na wauguzi kuyaandika maswali haya matatu kwa lugha ya nyumbani, ili mama wa Kibokoni au Kuze aulizwe kabla ya wembe kushikwa.