Kingamwili Peke Yake Haitoshi

Mgonjwa mmoja aliniuliza zahanatini: "Mganga, unasema kipimo kimeonyesha kingamwili katika damu yangu. Si ndiyo kinga hiyo? Basi dawa za nini?"

Swali ni zuri, na jibu lake ni uhai.

Kingamwili ni askari wa damu. Humtambua adui kwa umbo la ganda lake. Lakini virusi vya UKIMWI hubadili ganda upesi, kwa hiyo askari wa leo anamjua adui wa jana. Tena virusi hivi vina aina nyingi. Hapa Tanzania zipo A, C na D, na michanganyiko yake.

Watu wachache, baada ya kuishi na virusi kwa miaka, hutengeneza askari wanaozuia aina nyingi. Hata hao hawaponi, maana virusi vyao vimekwisha kuwakwepa. Askari mmoja wa namna hiyo, aitwaye VRC01, alijaribiwa kwa wanawake wapatao 1,900 wa nchi 7 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Matokeo yalitoka mwaka 2021: alizuia virusi vichache tu, vingi vikapita. Wataalamu sasa wanajaribu kuunganisha askari kadhaa pamoja.

Dawa za kufubaza virusi haziangalii ganda. Huzuia virusi kuzaana, viwe A, C au D.

Kwa hiyo, ndugu, meza dawa zako kila siku bila kukosa. Na wewe usiyejua hali yako, njoo upime.